Riwaya ndani ya siku 30: maswali yenu kuhusu vikundi vya Novemba

Wiki iliyopita niligusia vikundi vya watu wa kawaida wanaokutana kila Novemba, kila mmoja akihangaika kumaliza riwaya yake kabla mwezi haujaisha. Maswali yamemiminika. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Sijawahi kuandika hata hadithi fupi. Hawatanicheka?

Karibu, fundi. Jambo hili halikuanzishwa na mabingwa. Julai 1999, kijana wa San Francisco, Marekani, aitwaye Chris Baty, alikusanya kundi la watu 21, wakakubaliana kila mtu aandike maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Sita tu ndio waliofika. Mwaka uliofuata wakahamia Novemba, mwezi ambao hali ya hewa ya kwao humfanya mtu abaki ndani, na idadi ikapanda hadi 140. Ndiyo NaNoWriMo hiyo, ufupisho wa jina la Kiingereza lenye maana ya Mwezi wa Taifa wa Kuandika Riwaya, iliyoenea baadaye nchi nyingi. Sharti tangu mwanzo lilikuwa kufikisha idadi. Uzuri wa maandishi haukupimwa na yeyote. Kikundi kikikuuliza umewahi kuchapisha nini, tafuta kingine.

Nimesikia shirika lenyewe la NaNoWriMo limefungwa. Sasa tunajiunga na nini?

Ni kweli. Mwishoni mwa Machi 2025 lilitangaza kwamba linafunga, likitaja matatizo ya fedha. Kabla ya hapo lilikuwa limeandamwa na malalamiko kuhusu usalama wa washiriki wadogo, kisha mwaka 2024 likatoa kauli kuhusu akili mnemba iliyowaudhi waandishi wengi, na baadhi yao wakajiondoa kwenye bodi yake.

Lakini kazi halisi haikufanyika makao makuu. Kila eneo lilikuwa na mtu wa kujitolea aliyetafuta mgahawa au maktaba, akapanga siku na kuwaita wenzake. Kazi hiyo haihitaji kibali cha Marekani. Watu wanne na meza moja mnatosha.

Mkishakaa mnafanya nini hasa? Mimi ni mtu wa aibu na siwezi kusoma kazi yangu mbele za watu. (Dada wa Nakuru)

Dada yangu, hilo ndilo swali nililolisubiri. Mnaandika, basi. Mmoja anashika saa, simu nyingine zinalazwa kifudifudi, na kwa dakika 15 au 20 hakuna anayeinua kichwa. Muda ukiisha kila mtu anataja idadi ya maneno aliyoandika: 412, 290, 38. Aliyetaja 38 anapigiwa makofi kama wengine. Chai, stori kidogo, kisha mnaanza tena. Mizunguko minne ya namna hiyo inaweza kukupa kazi ya siku nzima.

Kuhusu kusomeana, msimamo wangu ni mkali: mwezi huo msisomeane kabisa. Najua wengi hawakubaliani nami, hasa waliozoea warsha, ambako kila aya hupitiwa na kutolewa maoni. Warsha ni nzuri, ila ina wakati wake. Mtu aliyefika sura ya tatu akiambiwa mhusika wake hana uhai, atarudi kuirekebisha sura ya kwanza, na Novemba yake imekwisha. Ukitaka kulalamika kwamba shujaa wako amekwama kwenye kivuko na hujui umvushe vipi, lalamika. Wenzako watakupa njia kumi za ajabu, na moja itafaa. Daftari lenyewe libaki limefunikwa.

Halafu msikae saa nne kwa soda moja. Mwenye mgahawa naye ana kodi ya kulipa.

Maneno 50,000 kwa Kiswahili si ni mengi kuliko kwa Kiingereza?

Ni mengi, na nashangaa ni wachache wanaolisema. Idadi ile iliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Sisi tukiandika “nisingewaambia” tumehesabiwa neno moja, kumbe kiima, wakati, ukanushi na mtendwa vyote vimo humo. Mwenzetu wa Kiingereza ameshahesabiwa manne au matano. Kwa hiyo anayelenga 50,000 kwa Kiswahili anaandika kitabu kinene zaidi.

Ninaowashauri huwaambia walenge 35,000. Hakuna kanuni nyuma ya namba hiyo. Ni makadirio yangu tu. Kwa siku inakuwa kama maneno 1,170, badala ya 1,667 ya wale wa 50,000. Anayeandika kwa mkono kwenye kaunta buku ahesabu maneno ya kurasa tatu zilizojaa, agawe kwa tatu apate ya ukurasa mmoja, kisha ahesabu kurasa tu.

Bila kompyuta inawezekana?

Inawezekana. Simu inatosha. Ila kila usiku jitumie ulichoandika kwa barua pepe, maana simu huibwa na huanguka majini.

Mimi ni mwalimu Kilifi. Novemba ni mitihani ya taifa, usimamizi na makaratasi. Nifanye nini?

Mwalimu, hamisha mwezi. Hata waanzilishi walianza Julai, na baadaye shirika lilikuwa na awamu nyingine za Aprili na Julai. Tafuta walimu wenzako wawili watatu na mchague mwezi wenye likizo ndani yake. Mvua za vuli hazina uhusiano wowote na riwaya.

Niko Muscat, sina kikundi.

Ungana na wa huku kwa simu ya video. Mko mbele yetu kwa saa moja tu, na Jumamosi ni mapumziko kwenu pia. Mkishasalimiana, zimeni sauti, picha iacheni iendelee. Inashangaza jinsi uso wa mtu anayeandika unavyokuzuia kuinuka kwenda kufungua friji.

Mume wangu anasema naenda kupiga soga.

Rudi na idadi ya maneno, mama. Akiendelea, mwalike aje ashike saa.

Mwaka jana nilifika tarehe 12 nikiwa na maneno 8,000, nikaona aibu, nikaacha kwenda. Nijaribu tena?

Jaribu, na safari hii usiwakimbie wenzako. Tuchukue lengo la 35,000: ulibakiwa na 27,000 na siku 18, yaani 1,500 kwa siku. Mzigo, lakini unabebeka. Hata usingefika, siku unayoona aibu ndiyo siku ya kwenda, kwa sababu nyumbani hutaandika chochote. Na katika meza ya watu sita, amini usiamini, wanne wako nyuma.

Nikimaliza, mswada niupeleke wapi?

Desemba usiupeleke popote. Ufungie kabatini hadi Februari, kisha usome ukiwa na kalamu nyekundu, na hapo ndipo warsha niliyoifukuza inapokaribishwa. Ukishausafisha, angalia matangazo ya Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ambayo hupokea miswada ambayo bado haijachapishwa. Masharti ya urefu na tarehe za mwisho soma kwenye tangazo la mwaka husika, usitegemee ya mwaka jana.