Noah ya rampu au Hiace ya lifti kwa mama anayetumia kiti cha magurudumu?

Dada, kabla ya kuchagua kati ya Noah na Hiace za Welcab (magari ya Toyota yaliyoundwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu) kutoka Japani, mpime mama akiwa ameketi kitini: kutoka sakafuni hadi utosini, upana wa kiti kwenye magurudumu, na urefu kutoka nyuma ya kiti hadi ncha za vidole vya miguu. Kimo chake kikizidi uwazi wa mlango wa nyuma wa Noah, atalazimika kuinamishwa kila safari. Hapo achana na Noah.

Halafu uzito. Kiti cha betri pekee kinaweza kufika kilo 100 au zaidi. Jumlisha uzito wa mama, kisha linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye lifti au rampu. Rampu ya mita 1.5 ikipanda sentimita 35 ni kali mno kusukuma peke yako. Inahitaji winchi (mashine ya kuvuta kiti kwa mikanda), na winchi za mitumba mara nyingi hufika bila rimoti au mikanda yake. Ulizia kabla ya kulipa.

Lifti ya Hiace ipandishe na kuishusha ikiwa na mzigo. Ikishuka yenyewe au ikivuja mafuta, huenda sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zimechoka. Jaribu pia njia ya kuishusha kwa mkono, maana betri ya gari ikifa mama asikwame ndani.

Noah ya rampu hukatwa na kushushwa sakafu ya nyuma, kwa hiyo chungulia chini uone kama imekwaruzwa na matuta.

Kiti kifungwe kwa mikanda minne kwenye fremu, kikitazama mbele. Mama awe na mkanda wake wa bega na kiuno, tofauti kabisa na hiyo minne.