Futa glovu kwanza: nilichojifunza kwenye spari

Tunafanya mazoezi ya ngumi Nkuhungu, chini ya paa la bati, kwenye sakafu ya saruji iliyokwisha kumeguka. Kiangazi upepo wa Dodoma unatuletea vumbi mpaka ndani ya vikombe vya maji. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayeanza spari, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzako, hauhusu kurusha ngumi. Ukiteleza ukagusa chini, futa glovu zako kwenye fulana kabla hujaendelea. Mchanga ulionata kwenye glovu ukifika jichoni mwa mwenzako, unakwangua. Hata kwenye pambano, bondia akiinuka mwamuzi humfuta glovu kwanza.

La pili lilinigharimu zaidi. Miaka minne iliyopita mwalimu alinipanga na kijana mgeni, siku yake ya tatu ya spari. Alituambia wazi: nusu nguvu. Dogo alikuwa mrefu, mkono wa kushoto mwepesi kweli. Akanidonoa jebu mbili, zile ngumi za haraka za mkono wa mbele, puani, machozi yakanilenga, waliosimama pembeni wakashangilia. Nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimeshamsoma kwamba akirudisha jebu anaishusha kifuani. Nikasubiri ya tatu, nikampa ya kulia kwa nguvu zangu zote.

Hakuanguka. Alisimama akinitazama kama mtu asiyenijua, kisha akauliza, "Hii raundi ya ngapi?" Baada ya muda mfupi akauliza tena. Hapo tulitakiwa kumvua glovu, tukamwacha amalize raundi. Usiku akatapika, akapelekwa hospitali, na wiki nzima kichwa kikawa kinamuuma.

Alikuwa amevaa helmeti, na ndipo wengi tunapojidanganya. Helmeti inazuia kuchanika na nundu, ila ubongo unatikisika vilevile ndani ya fuvu. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wanaume walipigana bila helmeti kabisa. Mazoezini ivae, lakini usiichukulie kuwa ni ruhusa ya kumpiga mtu kwa nguvu. Mwenzako akirudia swali, akiyumba, akilalamika mwanga unamuumiza au akisikia kichefuchefu, spari imeishia hapo. Amwone daktari, na asirudi kupigwa kichwani mpaka daktari amruhusu, hata kama mwenyewe anasema yuko fiti. Mabondia tunasema hivyo siku zote.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipa kiti, hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, mwanangu aliniaga anakwenda kufundishwa."

Tangu siku ile, kabla ya kengele namuuliza mwenzangu: nguvu kiasi gani, kichwa na mwili au mwili tu? Kama ni mwepesi au mgeni kuliko mimi, mimi ndiye ninayeshuka kwenye kiwango chake. Glovu ziwe za aunsi 16. Za aunsi 8 na 10 waachie wanaopanda ulingoni kupigana. Kinga ya meno ni lazima, pete vua, bendeji ya mikononi ifungwe vizuri kupita katikati ya vidole.

Halafu ingia na kazi moja. Raundi ya dakika tatu ni ndefu ukitaka kufanya kila kitu. Chagua, kwa mfano, jebu na kutoka upande: piga, mkono urudi shavuni kwa njia ileile uliyotokea, mguu usogee kabla hajajibu. Kidevu chini, macho kifuani kwake, maana bega ndilo linaloanza kusema kabla ya ngumi kufika. Toa pumzi kila unaporusha. Wanaobana pumzi wanachoka raundi ya kwanza, kisha wanaanza kupiga kwa woga, na ngumi ya woga haina kipimo. Ukipigwa vizuri, gusa glovu ya mwenzako muendelee. Ukisikia hasira inapanda, sema "naomba nipumzike" utoke. Hakuna aliyewahi kunicheka kwa hilo.

Yule dogo alirudi baada ya miezi miwili. Jumamosi iliyopita tulicheza raundi nne. Ya tatu akanipenyezea ngumi ya ini, chini ya mbavu za kulia, nyepesi tu, magoti yakalegea. Angeweza kuimalizia. Akarudi nyuma hatua mbili, akashusha mikono, akaniuliza, "Kaka, uko sawa?"