Protini isigande kwenye utando: anza na maji, maliza na kipimo cha haki

Utando wa kuchujia uliotengenezwa kwa plastiki ya polisalfoni au polietha-salfoni kwa asili yake haupendi maji. Protini ikiugusa hukunjuka, ile sehemu yake isiyopenda maji ikang'ang'ania pale, kisha nyingine zinapanda juu yake hadi vitundu vinaziba. Ndiyo sababu tando za vichujio vya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo mara nyingi huchanganywa na polivinilipirolidoni, polima inayovuta maji. Tabaka la maji likishikwa vizuri juu ya utando, protini hukosa pa kushika.

Kwa maabara yenye vifaa vichache, upako rahisi wa kuanza nao, ili utando ushike maji, ni wa polidopamini, uliotangazwa mwaka 2007 na kundi la Phillip Messersmith huko Marekani baada ya kuchunguza jinsi kome wanavyojigandisha kwenye mawe. Hapa tunazungumzia vipande vya majaribio tu. Kichujio cha mgonjwa hakipakwi chochote maabara.

Kwa aliyeko Dodoma, suala la kwanza ni maji. Maji ya visima vya Makutupora ni magumu, yana kalsiamu. Ukiyatumia kutengeneza bafa ya fosfeti (bafa ni mmumunyo unaozuia pH, yaani kiwango cha asidi, isiyumbe) utaona ukungu mweupe wa kalsiamu fosfeti. Hata usipouona, kalsiamu hufunganisha protini na protini, na utando unaziba kuliko unavyostahili. Tumia maji yaliyoondolewa ioni, na upime upitishaji wake wa umeme kila asubuhi; ukizidi maikrosimensi 5 kwa sentimita, usianze kazi.

Loweka utando kwanza ili gliserini ya kuhifadhia itoke, ukibadilisha maji mara tatu. Pima gramu 1.21 za trisi, kemikali ya kutengenezea bafa ya kupakia, kwa lita moja ya maji, kisha shusha pH hadi 8.5 kwa asidi ya haidrokloriki. Fanya hivyo katika joto lile lile utakalotumia kupaka, kwa sababu pH ya trisi hushuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja joto linapopanda, na mchana wa Oktoba si sawa na asubuhi ya Julai. Dopamini haidrokloridi, ndiyo inayogeuka kuwa polidopamini, gramu 2 kwa lita, iingie mwisho kabisa, utando ukiwa tayari. Acha chombo wazi na ukitikise polepole, maana kazi yote inategemea oksijeni ya hewa. Mashine ya kutikisa ikisimama umeme ukikatika, upako hutoka na mabaka. Tupa kipande hicho.

Muda ni dakika 30 hadi 60. Usinakili muda wa maabara ya pwani bila kuujaribu, kwani Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na oksijeni hapa ni pungufu kidogo. Tazama rangi: utando ukiwa kama chai ya rangi iliyo hafifu, utoe. Ukiuacha usiku kucha utakuwa mweusi, na upako wenyewe utakuwa umeziba vitundu. Ukitaka kinga zaidi, ongeza polietilini glikoli yenye amini (polima nyingine inayovuta maji) mwishoni, gramu 1 kwa lita katika bafa hiyo hiyo, nyuzi 60, saa moja.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Bana utando kwa maji, presha ya baa 1.5 kwa nusu saa, kisha shusha hadi baa 1. Mililita 20 zikipita kwa dakika 6 kwenye eneo la sentimita za mraba 13.4, mtiririko ni lita 149 kwa mita ya mraba kwa saa. Pitisha albumini ya ng'ombe, protini ya damu yake, gramu 1 kwa lita katika bafa ya fosfeti ya pH 7.4, kwa saa moja. Suuza, upime maji tena. Ukipata 119, umerejesha asilimia 80 ya mtiririko.

Lakini utando uliopakwa huanza na mtiririko mdogo. Kwa presha ile ile, usiopakwa huvuta protini nyingi zaidi kwenye uso wake, kwa hiyo lazima uonekane mbaya. Punguza presha ya usiopakwa mpaka tando zote mbili zianze na mtiririko sawa, ndipo ulinganishe. Tofauti ikipotea, upako wako haukuzuia protini, ulipunguza maji tu.

Ukipima protini iliyoganda, epuka BCA, kipimo cha protini kwa rangi kinachotegemea shaba: polidopamini yenyewe huibadilisha shaba na kukupa protini isiyokuwepo. Rudia mzunguko mara tatu. Urejeshaji ukishuka kila mara na maji ya kusuuza yakawa na rangi ya kahawia, upako unabanduka. Chunguza kwanza dawa ya kusafishia: soda kali na klorini huumenya.