Kabla hujalipia mzunguko Nürburgring, wajue waliokutangulia

Mara ya kwanza niliingia Nürburgring, uwanja wa mbio za magari wa Ujerumani ambao hata mtu wa kawaida hulipia na kuendesha, na kiburi cha mtu aliyecheza gemu. Naishi Köln, na kutoka huku hadi milima ya Eifel si mbali. Wiki nzima nilikuwa nimeizunguka barabara ile kwenye skrini, kona nimezikariri kama mtoto wa madrasa na juzuu yake. Rafiki yangu akaniazima gari, tukalipa getini, tukaingia.

Kwenye skrini tumbo halishuki. Tulipoteremka mteremko wa Fuchsröhre langu lilinipanda kooni, kisha tukakwea kilima, na kona ya Adenauer Forst ikanifikia kabla sijaamua la kufanya. Nikaishia majanini. Watu waliokaa pembeni wakashangilia; baadaye nikaambiwa huwa wanakaa pale makusudi, kungoja watu kama mimi. Gari halikukwaruzika.

Tangu siku hiyo, anayeniomba nimpeleke namwambia asome kwanza historia ya mahali penyewe, maana ndiyo inayoeleza kwa nini barabara ile inakutenda vile. Ilijengwa kati ya 1925 na 1927, Eifel ikiwa maskini na watu hawana kazi. Wajenzi waliifuata milima ilivyo, wakizunguka ngome ya Nürburg, kwa magari ya zama zile. Mbio za kwanza za magari, Juni 1927, alishinda dereva Mjerumani Rudolf Caracciola. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona kwamba kwenye kona moja ukitumbukiza matairi kwenye mtaro wa maji, gari linashikwa na kupinda haraka. Leo mtaro huo una zege na kona inaitwa kwa jina lake, Caracciola-Karussell. Ukiwa mgeni, usiufuate mstari wake kwa pupa, kwani zege lile linatikisa gari hadi meno.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Sehemu ya kaskazini, Nordschleife, leo ina kilomita 20.8, na kati ya chini na juu kuna tofauti ya mita kama 300. Getini jua, kwenye kona ya Bergwerk mvua. Mwaka 1968 dereva wa Formula 1 Jackie Stewart alishinda hapa kwenye mvua na ukungu, kifundo cha mkono kikiwa kimeumia, na aliyemfuata alichelewa kwa zaidi ya dakika 4. Yeye ndiye aliyepaita jehanamu ya kijani. Bingwa kama yule akisema hivyo, mimi na gari la kuazima ni nani?

Halafu 1976. Dereva Niki Lauda aliwashawishi wenzake wa magari ya langalanga, yaani Formula 1, wagome, akieleza kwamba kwa urefu ule msaada hauwezi kufika upesi. Wakapiga kura, akashindwa. Siku ya mbio, karibu na Bergwerk, gari lake liligonga ukingo na kuwaka moto. Waliomtoa ni madereva wenzake. Wiki 6 baadaye alikuwa Monza, Italia, akishindana, lakini Formula 1 haikurudi tena Nordschleife. Mwaka 1984 ulifunguliwa uwanja mpya mfupi kando yake. Nikipita Bergwerk huwa napunguza, hata pakiwa pakavu.

Sasa mambo ya mfukoni, ambayo mimi niliyajua nimeshatoka. Rafiki yangu alipousoma mkataba wake wa bima tuliporudi, alikuta kipengele kinachosema viwanja vya mbio havimo. Tulikaa kimya muda mrefu. Soma wako kabla. Gari la kawaida la kukodi usilipeleke kabisa, mikataba mingi inakataza. Kodi kwa wenye magari ya kazi hiyo pale vijijini. Ukivunja uzio wa chuma, bili ni yako.

Na sisi tuliojifunza kuendesha Afrika Mashariki tuna tatizo letu: tumezoea kukaa kushoto mwa barabara. Pale mwenye kasi anakupita kushoto, nawe kaa kulia, washa indiketa, tazama vioo kila mara. Kupimana muda kumekatazwa.

Nilirudi mwaka uliofuata. Adenauer Forst nilifunga breki mapema mno hadi gari la familia, lenye kiti cha mtoto nyuma, likanipita. Waliokaa majanini hawakunitazama hata kidogo.