Fizi zinazotoka damu na kisukari: je, kusafisha fizi kunashusha sukari?

SWALI: Habari, Daktari. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari na presha hapa Kisumu. Nimehudhuria mafunzo mawili na nimesikia mambo yanayopingana. Mkufunzi wa kwanza alisema mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita) inashuka. Wa pili akasema utafiti mkubwa wa Marekani ulishaonyesha kwamba haishuki, na kwamba tuache kuwasumbua wagonjwa. Wengi wa wagonjwa wangu hutema damu wakipiga mswaki na wanaona ni kawaida. Nishike lipi? Je, ni kweli ugonjwa wa fizi unaleta mshtuko wa moyo, na mama mjamzito kuzaa kabla ya wakati? Na nitamtambuaje wa kumtuma kwenu, ikiwa sina kifaa chochote cha meno? – Muuguzi, Kisumu

JIBU: Habari nzuri, Sista. Watume. Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, ambaye ugonjwa wa fizi umeshafika kwenye mfupa unaoshika meno, akitibiwa sawasawa anafaidika, na faida hiyo huonekana hata kwenye sukari. Kuhusu moyo na ujauzito, ushahidi haujafika mbali hivyo, na nitakuonyesha umeishia wapi. Acha nianze na wakufunzi wako, maana wote wawili walikuwa wakizungumzia tafiti za kweli.

Huo wa Marekani uliongozwa na Steven Engebretson na ukachapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2013. Watu 514 wenye kisukari cha aina ya pili, HbA1c kati ya asilimia 7 na 9, na fizi zilizokuwa hazijatibiwa, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikwanguliwa ugaga (uchafu uliogandamana kwenye meno) juu na chini ya fizi, likapewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, kisha likasafishwa tena mwezi wa tatu na wa sita. Kundi la pili lilisubiri. Miezi sita ilipotimia, HbA1c za makundi hayo hazikutofautiana. Usajili wa washiriki ulisimamishwa mapema kwa sababu hapakuwa na dalili kwamba tofauti ingejitokeza.

Wengi husoma mpaka hapo, wakafunga jarida. Lakini utafiti huohuo ulipima pia hali ya vinywa baada ya matibabu. Takriban asilimia 70 ya sehemu za meno zilizopimwa bado zilikuwa na utando wa uchafu, na zaidi ya asilimia 40 ya sehemu za fizi bado zilitoka damu zikiguswa. Kwa viwango vyetu sisi wa meno, vinywa hivyo havikuwa vimepona. Kusema kwamba vinathibitisha matibabu ya fizi hayashushi sukari ni kama kuikataa dawa ya malaria kwa kumtazama mgonjwa aliyevitapika vidonge. Nauheshimu utafiti ule, ulikuwa mkubwa na ulipangwa vizuri, lakini swali ulilolijibu ni jingine: je, ukwanguaji wa kawaida, bila kuhakikisha mgonjwa ameweza kuweka kinywa safi nyumbani, unashusha sukari? Jibu ni hapana. Hilo nalo ni la kuzingatia sana, na nitalirudia nikifika kwenye kazi yako.

Mwaka 2018 Francesco D'Aiuto na wenzake wa London walichapisha jaribio jingine, la watu 264. HbA1c ya wastani ilikuwa karibu asilimia 8.1 mwanzoni. Kundi la kwanza lilipata matibabu ya kina: ukwanguaji chini ya fizi kinywa kizima, upasuaji wa fizi kwa waliouhitaji na ambao tayari walikuwa wameonyesha wanaweza kusafisha meno vizuri, kisha ufuatiliaji kila baada ya miezi mitatu. Kundi la pili lilisafishwa juu juu tu. Baada ya mwaka mmoja, HbA1c ya waliotibiwa kwa kina ilikuwa chini kwa takriban asilimia 0.6 kuliko ya wenzao. Wewe unajua, Sista, kwamba kuna vidonge vya pili tunavyomwongezea mgonjwa juu ya metfomini ambavyo kazi yake inakaribia kiasi hicho.

Tathmini ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ilizikusanya tafiti 35 zenye washiriki zaidi ya 3,000, ule wa 2013 ukiwemo. Kwa jumla, waliotibiwa fizi walikuwa na HbA1c iliyo chini kwa karibu asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu au minne, na 0.3 baada ya miezi sita. Basi mkufunzi wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli, mradi aongeze maneno matatu: fizi zikipona kweli. Na haya yote ni nyongeza kwa dawa za kisukari na mpango wa chakula. Hayachukui nafasi yake.

Inatokeaje? Fizi yenye afya hushika jino kwa karibu, na kipimo chetu hakiingii zaidi ya milimita 3. Ugonjwa ukizama chini ya fizi, fizi huachana na jino, mfuko unajitokeza, na ndani yake hukaa utando wa bakteria kama Porphyromonas gingivalis. Ngozi ya ndani ya mifuko hiyo ina vidonda vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni. Ukijumlisha eneo lake kwa mtu mwenye ugonjwa huu, unapata takriban sentimita za mraba 8 hadi 20. Mgonjwa angekuwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni, usingemruhusu arudi nyumbani bila kukishughulikia. Kwa kuwa kiko mdomoni, na mara nyingi hakiumi, hukaa miaka. Bakteria na sumu zao hupenya kwenye damu, kinga ya mwili hukaa macho mchana na usiku, kemikali za uvimbe kama TNF na interlukini-6 hupanda, na kemikali hizo huzuia insulini kufanya kazi yake. Upande wa pili, sukari nyingi kwenye damu hudhoofisha chembe za kinga na kuharibu uponaji wa fizi. Tafiti za miaka mingi kwa Wapima, jamii ya wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, ambao kisukari kimewaandama sana, zilionyesha kwamba hatari ya ugonjwa wa fizi kwa mwenye kisukari ni kama mara tatu ya asiye nacho. Harald Löe aliandika mwaka 1993 kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita linalotokana na kisukari, pamoja na ya macho, figo, neva, mishipa na vidonda visivyopona. Ningependa sana kuona mstari wa fizi kwenye kadi za kliniki za kisukari, kando ya mstari wa miguu na macho.

Hata hivyo, usidhani kila anayetema damu atapoteza meno. Löe huyohuyo alifuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, wanaume ambao hawakuwa wakipiga mswaki wala kumwona daktari wa meno. Wote walikuwa na ugaga na fizi zilizovimba. Lakini kwa asilimia 8 mfupa uliliwa haraka, kwa 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe wa fizi. Kwetu Kenya, watafiti waliopima watu wazima wa Machakos miaka ya 1980 walikuta picha inayofanana: ugaga na damu karibu kwa kila mtu, ila uharibifu mkubwa umejikusanya kwa wachache. Wenye kisukari kisichodhibitiwa na wavutaji sigara ndio wanaoelekea zaidi kuangukia hilo kundi dogo, ndiyo maana kliniki yako ni mahali pazuri pa kuwatafuta.

Sasa moyo. Tangu Kimmo Mattila na wenzake wa Finland walipochapisha mwaka 1989 kwamba waliopata mshtuko wa moyo walikuwa na hali mbaya zaidi ya kinywa kuliko wasiopata, tafiti nyingi zimeuona uhusiano huo. Chama cha Moyo cha Marekani kilizipitia mwaka 2012 kikasema uhusiano upo, hata ukiondoa mambo kama sigara, lakini haijathibitishwa kwamba fizi ndizo zinazosababisha. Jaribio la Maurizio Tonetti la mwaka 2007, la watu 120, lilionyesha kitu cha kuvutia: siku moja baada ya matibabu ya kina, mishipa ya damu ilitanuka vibaya zaidi kuliko awali, lakini baada ya miezi sita ikatanuka vizuri kuliko ya wale wasiotibiwa hivyo. Hiyo ni afya ya mshipa. Idadi ya mishtuko ya moyo ni jambo jingine, na hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kutibu fizi kunaipunguza. Usimwambie mgonjwa wa presha kwamba akisafishwa meno ameukinga moyo wake. Akikuamini sana, huenda akaacha vidonge.

Kwa mama mjamzito, jaribio la Marekani la mwaka 2006 lililoongozwa na Bryan Michalowicz lilihusisha wanawake 823. Waliotibiwa fizi wakiwa wajawazito na waliotibiwa baada ya kujifungua hawakutofautiana katika kuzaa kabla ya wiki 37. Lakini matibabu yalikuwa salama na fizi zilipata nafuu. Kwa hiyo mjamzito mwenye fizi mbaya atibiwe kwa ajili ya kinywa chake mwenyewe, na asiambiwe angoje mpaka ajifungue.

Nije kwenye kazi yako. Kumtambua hakuhitaji kifaa. Muulize kama anaona damu akipiga mswaki, kama kuna jino linalocheza, kama meno ya mbele yameanza kuachana, na kama kuna ladha mbaya isiyoisha. Kisha vaa glavu, mwelekeze kwenye mwanga wa dirisha, na ubonyeze fizi kwa kidole ukielekea jino. Usaha ukitoka, huyo ni wangu wiki hii. Jino linalocheza bila kuumizwa, vilevile. Kwa mvutaji sigara, kukosa damu kusikupe moyo, kwa sababu sigara hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi huku mfupa unaendelea kuliwa.

Kuna mitego miwili katika kliniki kama yako. Wa kwanza ni amlodipini na nifedipini. Dawa hizi za presha zinaweza kukuza fizi mpaka zikafunika sehemu ya meno, hasa pale kinywa kikiwa kichafu. Usizisimamishe mwenyewe, mwandikie daktari wake na umtume kwetu. Wa pili ni kuhesabu mapengo. Wapo wazee wetu wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana, kwa mila. Ukiyahesabu mapengo yale kama ushahidi wa ugonjwa wa fizi umepotea, na tafiti zinazotumia idadi ya meno yaliyong'oka badala ya kupima fizi zenyewe zinaweza kupotea vivyo hivyo katika eneo letu.

Ukiona fizi zenye vidonda, ncha zilizokatika katikati ya meno, maumivu makali na harufu nzito, mtume siku hiyohiyo, na mshauri apime HIV kama hajui hali yake. Uso uliovimba pamoja na sukari iliyopanda nao hausubiri.

Usimpe amoksilini au metronidazoli ukamaliza hapo. Utando ule umejishikiza kwenye mzizi wa jino, na dawa ya kumeza peke yake haiwezi kuuondoa. Unakwanguliwa kwa mkono au kwa mashine, na kazi hiyo wanaifanya pia maofisa wa afya ya kinywa wa jamii, hao tunaowaita COHO.

Kuhusu damu ambayo wagonjwa wanaiona ya kawaida, waelezee jaribio la Löe la mwaka 1965. Watu 12 wenye fizi nzuri waliacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu fizi za wote zilikuwa zimevimba. Wakaanza tena kusafisha, na kwa takriban wiki moja zikapona. Nimeona mgonjwa akibadilika uso anaposikia hilo, kwa sababu wengi wameacha kugusa mahali panapotoka damu wakiogopa kupaumiza, na uchafu unazidi kujaa hapohapo. Waambie wapige mswaki taratibu, nyuzi zikiwa zimelala pale fizi inapokutana na jino, asubuhi na kabla ya kulala. Anayetumia mswaki wa mti aendelee nao, ila autafune mpaka nyuzi zilainike, na asisahau upande wa ndani wa meno ya chini, ambako ugaga hupenda kukaa. Kumbuka utafiti wa 2013: tukikwangua sisi na mgonjwa asisafishe nyumbani, tumefanya kazi bure, na wewe ndiwe unayemwona kila mwezi, si mimi.

Mpangie miadi ya meno siku ileile ya kliniki yake ikiwezekana. Anayetoka Seme au Nyakach kwa matatu hatalipa nauli mara mbili, na matibabu haya huhitaji kurudi zaidi ya mara moja. Aje amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, asije na njaa akashuka sukari kwenye kiti. Mwandikie HbA1c ya mwisho kwenye karatasi ya rufaa, na usiipime tena kabla ya miezi mitatu kupita tangu tumalize ukwanguaji. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na ukipima mapema utakuwa bado unasoma sukari ya zamani.