Muswada usiopingwa nao una kazi yake

Mdogo wangu uliyepata kazi katika ofisi ya mbunge hapa Sacramento, mji mkuu wa California, wiki ya kwanza tu utaambiwa: "Huu muswada ni mdogo, utapita na orodha, usihangaike." Hangaika.

Orodha yenyewe ni ya miswada isiyopingwa. Kanuni za pamoja za mabaraza mawili ya California zinataka mambo matatu: kamati iupitishe kwa kura za wote waliohudhuria, asitokee mtu kikaoni wa kuupinga, na mwenye muswada aombe uwekwe humo kabla kamati haijafanya uamuzi wake wa mwisho. Hilo la tatu husahaulika kwa udogo wake. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani karani atajiongeza. Hakujiongeza, na muswada wa kurasa mbili, wa kusahihisha namba ya kifungu, ukaenda kupanga foleni na miswada ya kodi.

La pili ndilo lenye mitego. Mashahidi wakishamaliza, mwenyekiti huwaita watu kwenye kipaza sauti: jina, taasisi, msimamo. "Naunga mkono." "Naunga mkono." Kisha anafika mama mmoja na karatasi iliyokunjwa, anasema "tunapinga", anarudi kukaa. Basi, orodha mmeikosa, hata kura zote zikiwa za ndiyo.

Kwa hiyo simu zipigwe wiki nzima kabla. Uchambuzi wa kamati ukitoka, anza kuusoma mwishoni, palipoorodheshwa wanaounga mkono na wanaopinga. Mtu akikwambia "bado tunauangalia", muulize kifungu gani. Mara nyingi shida ni neno moja: pameandikwa "lazima", yeye anataka "anaweza". Mkielewana mapema, siku ya kikao hata haji.

Ukishaingia kwenye orodha, muswada haupigiwi kura papo hapo. Unasubiri hadi siku ya pili ya vikao ili ofisi nyingine ziusome. Mbunge akiweka pingamizi, unatolewa na kwenda kusomwa mara ya tatu, yaani kwenye mjadala na kura ya mwisho, kama mingine. Haujafa, ingawa wageni hulia kama umekufa. Na kura ipo palepale: Baraza lenye wabunge 80 linahitaji 41, Seneti yenye 40 inahitaji 21. Mnachookoa ni muda wa mjadala.

Halafu orodha ya wenzenu nayo isomeni, msiipitie juujuu. Kule Washington, tarehe 15 Machi 2022, Seneti ya Marekani ilipitisha kwa ridhaa ya wote muswada wa kuzuia saa zisirudishwe nyuma kila mwaka. Baadaye baadhi ya maseneta walisema hawakujua kama ulikuwa unakuja. Utaratibu wa kule ni kuzipelekea ofisi taarifa kwanza, na aliyenyamaza anahesabiwa ameridhia. Muswada ulikuja kukwama kwenye Baraza la Wawakilishi, lakini taarifa za namna hiyo haipokei seneta. Anapokea msaidizi kama wewe, huku simu nyingine tatu zinaita.