Kocha anaandikia binti yangu mesaji usiku, nifanye nini?

Swali: Jambo Mama Mushauri. Niko mama wa batoto bane, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Binti yangu wa kwanza iko na miaka 15, anacheza mupira mu ekipe ya babinti ya kartie na anaupenda sana. Kocha wake ni mutu wa heshima, anasali, alitusaidia ata na feza ya masomo. Sasa anamuandikia mesaji saa ine, saa tano ya usiku, alimupatia telefone, antrenema ikiisha anamurudisha na motokari yeye peke yake, na alimuambia «usiambie benzako, batasikia wivu». Papa yake anasema niache tu, kocha njo atamufikisha mbali. Miye roho haitulie. Niko naona mubaya pahali hakuna?

Jibu: Mama, usikilize hiyo roho yako. Siseme kocha ni mutu mubaya, simujue, na wewe usianze kumupakaza jina mu kartie. Lakini hiyo «usiambie benzako» njo ilinishitua. Kocha anaweza kuwa mukali, anaweza kumuzidishia mutoto mazoezi juu ameona kipaji, yote hiyo ni kazi yake. Siri na mutoto, hapana.

Saa ya antrenema, pahali pa matche, nani ataleta jezi, ile yote inaandikwa mu grupe ya WhatsApp ya ekipe, na bazazi beko ndani, basi ya mupira gani tena inabakia ya kuandikia mutoto peke yake saa tano ya usiku?

Heshima ya mutu isikufunge macho. Kule Marekani daktari wa timu ya jimnastiki, Larry Nassar, bazazi balimuamini mupaka alikuwa anagusa batoto vibaya mama iko mulemule mu chumba, na mu 2018, wakati wa kumuhukumu, babinti na bamama kupita 150 balisimama kusema yenye aliwatendea. Leo sheria za michezo kule zinaomba mutu mukubwa na mutoto bakuwe pahali bengine banaweza kuona na kuingia. Ata kumukanda mutoto muguu wenye kuumia, ifanyike mbele ya batu.

Anza na binti. Umuongeleshe polepole, muko munaosha vyombo ao munaenda soko, usimuulize kama polisi. Na tafazali usimutoshe mu ekipe ili kumulinda! Ataona kama kusema njo kumemupotezea mupira, na siku ingine atanyamaza.

Kisha wewe na papa yake muende kwa kocha, na mutu moja wa komite, mumurudishie telefone: «Kocha, aksanti, lakini kitu ya mutoto inapita kwetu bazazi.» Mu motokari apande na benzake, na wa mwisho kushuka asikuwe yeye, ao mumutafutie transpor. Kocha muzuri atakubali, ile inamulinda naye na masemi ya batu. Akikasirika, ao akianza kumuweka mutoto benchi juu mulisema, basi mumejua muko na nani.

Kama binti anakuambia kuna kitu ilishafanyika, umuamini, umuambie kosa si yake. Kama ni kushikwa kwa nguvu ao kulala naye, asioge, nguo zisifuliwe, mufike hospitali mbio: dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ianze mbele masaa 72 haijapita. Zikipita, muende vile vile, na polisi mufike. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajatimiza miaka 18, kwa hiyo asikudanganye na «alikubali». Na familia isikae chini kupokea mbuzi ao feza ili mambo iishe, nakuomba sana mama.

Uongee pia na bazazi bengine ba ekipe, pengine kuna mwenye anaogopa kusema kama wewe. Pamoja muombe komite iandike hayo mambo ya mesaji, ya motokari na ya zawadi kwa karatasi, kila kocha asaini mbele ya kuanza kufundisha batoto.